Nyumba Isiyojengwa Kando ya Kivu

Mvua iliwakuta mpakani, pale kwenye kivuko cha Petite Barrière, mwaka 1999, foleni ya waliotoka Goma ikiwa imejaa wabeba mizigo na akina mama wenye mabeseni kichwani. Belise, kitenge chake cha manjano kimemganda miguuni, aliteleza, na furushi lake la nguo za kuuza likatumbukia topeni. Kijana mrefu mwenye shati jeupe akaliinua bila kulionea huruma shati lake.

"Pole sana, dada. Umeumia?"

Belise akaangua kicheko. "Yewe! Unasema kama radio! Kiswahili muzuri hivi umetoa wapi?"

"Nimekulia Karagwe. Naitwa Kimenyi. Nachora ramani za mji."

"Mi ni Belise. Bon, Kimenyi, nibebee basi mpaka sokoni."

Alimbebea siku ile, na siku zilizofuata akawa anamngoja. Jumapili walishika njia ya ufukweni, wakazipita hoteli za zamani hadi mahali pasipo na nyumba hata moja, matete na maji tu. Hapo palikuwa na shamba la marehemu baba yake Belise.

"Nitajenga hapa," Belise alisema, vidole vyake ndani ya vya Kimenyi. "Nyumba ya baraza kubwa. Asubuhi nafungua mulango, ziwa iko mbele ya macho. Na we utakuwa wapi, sheri?"

Kimenyi alimbusu kwenye paji la uso.

Jawabu Belise alilipata kwenye mkutano wa wakazi. Kimenyi huyo huyo alisimama mbele, akasoma amri: ufukwe ambao haujajengwa utabaki hivyo. Hakuna nyumba kuanzia vigingi vyeupe vilivyopigwa mteremkoni hadi majini, ili udongo usiporomokee ziwani na kila mtu apate pa kufikia maji. Shamba la Belise lote lilikuwa chini ya vigingi.

Belise alimvizia mlangoni. "Ulinishika mukono pale, na ulijua?"

"Nilijua, mpenzi. Nilishindwa kukuambia."

"Ulishindwa! Mi niliota mbele yako mpaka nikachagua rangi ya mapazia! Usinifuate tena."

Dative, rafiki yake wa biashara, akatia chumvi kwenye kidonda. "Ngoja utaona. Maskini banakatazwa, tajiri atajenga."

Kimenyi alipiga simu dukani kwa Muhamadi, jirani yao, tena na tena. Belise alisimama pale pale kaunta, akimsikiliza Muhamadi akidanganya kwamba ameenda Goma, na moyo wake ukimvuta mkono kuelekea simu. Barabarani kila shati jeupe lilimshtua. Kisha simu zikakoma, na ukimya ukamuuma kuliko hasira.

Siku moja akasikia kwamba mfanyabiashara Bizumuremyi anamwaga mawe ya hoteli jirani na shamba lao. Akateremka mbio, matusi tayari mdomoni. Akakuta mawe yanapakiwa tena kwenye lori, na Bizumuremyi anafoka:

"Yule kijana wa Karagwe! Nimelalamika mpaka wamemuhamisha Kibungo, na bado amri yake inanifukuza!"

Belise alirudi akihema. "Muhamadi, ile namba ya Kibungo Kimenyi alikuachia, ungali nayo?"

Simu ililia muda mrefu.

"Haloo?"

"Ni mimi. Ju ya nini haukuniambia ulimukatalia Bizumuremyi?"

"Ningeonekana najisifu. Na shamba lako lingebaki vile vile, Belise. Hilo singelibadilisha hata kwa ajili yako."

"Kama ungelibadilisha ju yangu, ungelibadilisha na ju ya Bizumuremyi. Najua. Lakini ile nyumba, Kimenyi, nilikuwa naiona."

"Hata mimi niliiona. Nilikuwa nimekaa barazani. Nakukumbuka mpaka chakula kinanishinda. Nataka kuja na baba yangu mdogo kwa mama yako. Utanikubali?"

Muhamadi alijitia kupanga sabuni. Kumkubali kulimaanisha kuhamia Kibungo: mbali na mpaka huu, mbali na mama, mbali na maji yaliyokuwa yakimetameta kati ya mapaa kule chini.

"Mama atalia," alisema.

"Na wewe?"

"Mi nitalia kumushinda. Lakini kuja, sheri. Kuja mbele ya roho kugeuka."

Akaweka simu, akateremka mpaka shambani kwa baba yake. Akavua viatu, akaingia ziwani hadi magotini, akasimama akiyatazama maji kama mtu anayeaga. Kisha akapanda nyumbani kumwambia mama yake kuna wageni wanakuja.