Flaiwili Iliyolala Chini ya Kitanda Changu

Nina miaka arobaini na mitatu, ni fundi wa magari, kwetu ni Nakuru. Hapa Dubai nimemaliza mwaka wa kumi na moja. Nimechoka, wasomaji wenzangu. Si uchovu wa kazi, huo nimeuzoea. Ni uchovu wa kubeba jambo moja ambalo kila nikijaribu kulisahau linarudi... Leo nimeamua kulisema, na mkitaka kunihukumu, nihukumuni.

Nilipofika hapa sikumjua mtu. Aliyenipokea ni Mganda mmoja wa Masaka, fundi wa kukereza vyuma katika gereji niliyoajiriwa, kule eneo la viwanda la Al Qusais. Alikuwa na watoto mapacha, na kwao baba wa mapacha huitwa Ssalongo. Basi gereji nzima ikamwita hivyo, hata Wahindi na Wapakistani. Ssalongo alinigawia nusu ya kabati lake. Alinipeleka Naif kunionyesha unga wa ugali unapouzwa. Nilipougua mwezi wangu wa kwanza, yeye ndiye aliyenipikia uji. Miaka tisa tulilala chumba kimoja, kitanda changu chini, chake juu.

Kila chuma alichokimaliza, Ssalongo alikigonga nukta mbili ndogo. Nukta moja kwa kila pacha. Tulimtania kwamba akizaa tena atamaliza vyuma vya watu! Yeye alicheka tu. Lakini alama ile ilikuwa na maana yake: kazi hii ni yangu, ikiharibika nitafuteni mimi.

Sasa, arbab wetu, yaani mwenye gereji, alikuwa na gari la zamani la Kimarekani, lile la boneti ndefu na injini ya silinda nane. Lilikuwa la marehemu kaka yake. Miaka mingi lilikaa nyumbani kwake Rashidiya, limefunikwa turubai. Siku moja akalileta limevutwa na gari jingine, akaniita ofisini. Alitaka lingurume tena, tena kwa nguvu kuliko zamani, ila injini mpya hanunui. Alitaja bajeti yake mara moja tu, na ilikuwa ndogo. Kisha akasema neno lililonimaliza kabisa: nikifaulu, inshallah, atanifanya msimamizi wa gereji, kwa mshahara unaomruhusu mtu kuleta familia.

Jamani! Mke wangu Wanjeri tulikuwa mbalimbali miaka tisa, tukionana likizo kwa likizo. Binti yetu Shiru alinijua zaidi kwa sura ya kwenye simu. Nani kati yenu asingeirukia nafasi ile?

Nilikimbia kwa Ssalongo, na ni yeye aliyenionyesha njia. Bloku ya gari, yaani mwili wenyewe wa injini, tungeiacha ileile, bloku ya marehemu. Ndani yake tungeweka kranki ya injini kubwa zaidi, ule mhimili wa chuma unaopandisha na kushusha pistoni. Kranki hiyo huzisukuma pistoni mbali zaidi, injini inavuta pumzi kubwa zaidi, nguvu inaongezeka bila kununua injini nyingine. Kranki yenyewe tungeitafuta kwenye yadi za vyuma chakavu Sharjah. Siku yetu ya mapumziko tulikaa sakafuni kutwa tukipanga, tukiandika kwenye kipande cha katoni: pistoni zipi, beringi zipi, bloku ikwanguliwe wapi ndani ili kitu kisigonge kingine. Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama siku ile.

Namba saba kwenye katoni ilikuwa flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma ya kranki. Ssalongo aliipigia mistari miwili chini yake.

"Ndugu, hii kranki hapana simama peke yake," aliniambia kwa Kiswahili chake cha gereji. "Uzito ingine iko kwa flaiwili yake. Ukifunga ile ya zamani, injini itatetemeka mpaka ife. Namba saba hapana sahau!"

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia... hilo ndilo linaloniuma.

Kranki tuliipata, na flaiwili yake tukaipata. Ssalongo akavikereza, akavisawazisha pamoja, akavigonga nukta zake mbili. Akarudi kwenye chumba chake cha mashine, mimi nikaanza kufunga injini. Hapo ndipo mkosi uliponipata. Meno ya flaiwili hayakuingiana na stata ya gari, ile mota ya kuwashia injini! Ilitakiwa stata nyingine, ya kuagizwa Marekani, na bajeti ilikuwa imekwisha. Jana yake tu nilikuwa nimejigamba kwa arbab kwamba tuko ndani ya bajeti, na kwamba gari litawahi maonyesho ya magari ya zamani. Nirudi kwake kuomba tena? Niseme nimeshindwa? Nikamwona Wanjeri akitoka uwanja wa ndege, Shiru kamshika mkono...

Flaiwili ya zamani ilikuwa pale kwenye rafu. Bolti zake zilikaa sawa, meno yake yaliingiana na stata vizuri kabisa. Nikajiambia, flaiwili ni flaiwili. Nikaifunga. Ile nyingine nikaivisha gunia, nikaibeba hadi chumbani, nikaisukuma chini ya kitanda changu. Ssalongo akawa analala juu yake bila kujua!

Aliniuliza mara moja tu. "Namba saba?"

"Iko ndani," nikamjibu, nikijifanya natafuta spana.

Gari liliwaka. Arbab alifumba macho akasikiliza mngurumo, akalitaja jina la kaka yake. Siku ya pili usukani ulianza kutetemeka, nikamwambia injini bado inazoea. Siku ya nne, akiwa barabara ya kwenda Hatta, ukasikika mshindo mmoja... Kranki ilikuwa imekatika, na kipande cha chuma kimetoboa bloku. Ile bloku ya marehemu! Ilikuwa haifai tena hata kuungwa.

Tulifungua injini mchana, gereji nzima imesimama. Arbab alichutama, akaiona kranki iliyovunjika, akaweka kidole juu ya zile nukta mbili. Akauliza hii ni kazi ya nani. Ssalongo akasema ni yake, bila kusita. Ndipo arbab akanigeukia mimi, akaniuliza kama nilifunga kila kitu tulivyopanga.

Ssalongo alitazama chini, palipokuwa pamewekwa vyuma tulivyovifungua. Kisha akaniangalia mimi. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Yes, Sir," nikasema. "Kila kitu."

Khalas, yakaisha. Maneno mawili matatu tu, na mtu akapoteza kazi ya miaka kumi na minne. Viza yake ilifutwa. Siku ya kuondoka alitoa nguo zake kwenye kabati, akafuta upande wake kwa kitambaa, akanipa mkono. Hakuniuliza neno. Sikumsindikiza uwanja wa ndege, nilisema nina kazi. Kazi gani? Nilikaa kwenye choo cha gereji nikilia.

Mwishowe arbab alinunua injini nzima, kitu alichokuwa anakikwepa tangu mwanzo. Niliifunga mimi, gari likatembea vizuri, na ahadi akaitimiza. Nikawa msimamizi. Wanjeri na Shiru wakaja, tukapanga chumba hukuhuku Al Qusais. Na ile flaiwili nikahama nayo! Kwa nini sikuitupa? Sijui. Mara mbili nilifika nayo hadi kwenye pipa la takataka, nikarudi nayo.

Wanjeri aliigundua akifagia. Akalifungua gunia, akaona nukta mbili. Alizijua, maana miaka yote Ssalongo alikuwa akichukua simu yangu kumsalimia, "Shemeji, habari ya Nakuru?", na kumsimulia habari za mapacha wake na za nukta zao. Wanjeri alishaniuliza mbona siku hizi Ssalongo hapigi simu, nikamdanganya kwamba amepata kazi nzuri kwao. Sasa aliniuliza chuma cha Ssalongo kinafanya nini chini ya kitanda chetu. Nilichoka kudanganya. Nikamwambia yote.

Aliuegemeza ufagio ukutani. Kisha akasema, "Kwa hivyo hapa nilipo nimekalia kiti cha mtu."

Siku tatu hakuniongelesha. Siku ya nne niliibeba flaiwili hadi kwa arbab, nikaiweka mezani pake, nikakiri. Nilitegemea anifukuze. Pengine nilitaka anifukuze! Aliitazama, akanitazama, akapumua.

"Khalas, Muriuki," akasema. "Gari linatembea. Yalla, rudi kazini."

Nikamwomba amrudishe Ssalongo. Akasema fundi mwingine wa kukereza ameshaajiriwa, mambo yamepita. Kumbe hata kuadhibiwa mtu anaweza kunyimwa...

Jioni hiyo nikampigia Ssalongo, Wanjeri amekaa kando yangu. Siku hizi anachomelea milango ya chuma Masaka. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, nikilia. Alingoja nimalize.

"Mimi nilijua," akasema. "Siku ile niliona flaiwili ya zamani pale chini. Nilingoja wewe useme."

Nikamuuliza mbona hakujitetea. Akajibu kwamba mimi nilikuwa ndugu yake, na ndugu hasemewi akiwa amesimama hapo na mdomo wake. Kisha akauliza kama Shiru alishafika. Nikasema alifika. Akasema vizuri, akakata simu. Tangu siku hiyo nikipiga hapokei, na simlaumu.

Wenzangu mlioko huku ugenini, na ninyi mlioko nyumbani, nawaomba kwa unyonge wangu wote. Ukiona hesabu ya kazi haikutoshi, rudi useme haikutoshi. Aibu yake ni ya siku moja tu. Na ukiulizwa mbele ya watu, mwenzako akikutazama vile, fungua mdomo! Mimi nilipata kila nilichokitaka, mke wangu yuko hapa, mwanangu yuko hapa, na bado nashindwa kula kwa raha.

Flaiwili haiko tena chini ya kitanda. Nimeiweka juu ya meza yangu gereji, kila anayeingia aione. Juzi yule fundi mpya aliigeuzageuza, akazishika nukta mbili kwa kidole, akaniuliza ni za nini.

Nikamwambia ni watoto wa mtu.