Kinyaa cha Evelyn

Kila mchana Evelyn alirudi kutoka shuleni, akapenya katikati ya mikokoteni na wauza mitumba wa Kariakoo, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuvua sare na kuitundika mbali. Alijifunza hilo siku ile rafiki yake Amira alipomsogelea darasani, akanusa bega lake na kuuliza, "Mambo, Eve? Leo umeogea mtindi?" Darasa zima la sita lilicheka. Evelyn naye alijichekesha, lakini aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Mtindi huo ulitoka kwa mdogo wake. Ansbert alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, akalazwa hospitali wiki nyingi, na sasa alikuwa nyumbani, mdogo kiasi kwamba soksi za mwanasesere zingempwaya. Hakuwa na nguvu ya kunyonya. Mama alikamua maziwa kwenye kikombe kidogo, na mtoto akanyweshwa taratibu, funda kwa funda, huku kichwa kimeinuliwa. Akimaliza, alitakiwa kubebwa wima kifuani kwa muda mrefu, la sivyo kila alichokunywa kingerudi. Hata alipobebwa hivyo, mara nyingi kilirudi.

Na kilirudi vibaya. Kilitoka mdomoni na puani, kimekatika mabonge, kimechanganyika na ute, kina harufu ya chakula kilichosahauliwa uvunguni mwa kitanda. Kilimwingia Evelyn shingoni, kikateremka mgongoni, kikamkaukia kwenye nywele. Kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto mwenyewe kilibaki kama utando mweupe, na utando huo ilibidi ufutwe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kariakoo ina harufu zake, mitaro iliyoziba, kabichi zilizooza nyuma ya soko, magunia ya dagaa, na Evelyn alikua nazo bila kusumbuka. Hii ya ndani ya nyumba ndiyo iliyomshinda.

"Mama, katapika tena," alisema karibu kila siku.

"Hajatapika, amecheua," mama alimsahihisha. "Sista wa kliniki alishatuambia. Anayetapika anaumwa. Huyu maziwa yanapanda tu kwa sababu bado mdogo."

Evelyn hakuona tofauti. Liitwe jina lolote, shingo yake ilikuwa imelowa.

Zamu yake ilikuwa kuanzia mchana hadi jioni. Mama alijifungua kwa upasuaji na usiku hakupata usingizi, kwa hiyo saa hizo alijilaza. Baba alikuwa dukani akiuza ndoo na mabeseni kwa jumla. Bibi Candida, mama yake baba, aliyekuja kutoka Moshi kumhudumia mzazi, alishinda jikoni akipika mtori wa kumrudishia mkwewe nguvu. Chumbani alibaki Evelyn na mtoto na kikombe.

Siku moja Ansbert alisinzia kikombe kikiwa nusu. Evelyn alimweka kifuani, akajitandika kitambaa begani, akangoja yamkute. Hayakumkuta. Mtoto alilala kimya, shingo kavu, na Evelyn akafurahi mno. Maziwa yaliyobaki aliyamwaga kwenye sinki la bafuni, akafungulia maji.

"Kamaliza?" mama aliuliza alipoamka.

"Kamaliza."

Basi ikawa ndiyo kawaida. Kila alipomnywesha, nusu ilikwenda kwa mtoto na nusu kwenye sinki. Ansbert alilia kilio chembamba cha paka mchanga, kisha akachoka akalala, na Evelyn akajiambia kwamba mtoto akilala ameshiba. Usiku nao, kwa kuwa mtoto alikuwa mnyonge, alishindwa kunywa vizuri. Lakini sare ilianza kunukia sabuni, na Amira akaacha utani wake.

Mama aliporudi kutoka kliniki wiki ile, uso wake ulikuwa umesawijika. Uzito wa Ansbert ulikuwa umeshuka. Sista Severa, muuguzi aliyekuwa akiwafuatilia, alisema wiki inayofuata ukishuka tena mtoto atarudishwa wodini alishwe kwa mpira wa puani.

"Maziwa yangu mepesi," mama alisema, akakaa kwenye kochi na kulia waziwazi. "Mchana anakunywa yote, lakini hayamjengi. Kosa ni langu."

Bibi Candida aliweka mwiko chini. "Mama Evelyn, nilisema tangu nimefika. Huyu anataka kitu kizito. Nitauchuja mtori, tumwonjeshe kijiko kimoja kimoja, utaona atakavyoshika mwili."

"Sista amesema maziwa tu, mama."

"Na kwa hayo maziwa tu, mtoto amepungua. Sasa tungoje nini?"

Siku nyingine mama angekataa. Siku hiyo alinyamaza, na bibi akaenda jikoni, akarudi na kibakuli. Mtori ule ulikuwa rojo la ndizi zilizopondwa, mafuta ya nyama ya ng'ombe yakielea juu yake. Bibi alimpakata Ansbert, akachota ncha ya kijiko, akapuliza.

Evelyn alikuwa amesimama mlangoni. Alijua hata maziwa tu, yanayoteremka kama maji, yaliwahi kumpalia mtoto huyu mpaka midomo ikabadilika rangi. Rojo hili lingemfanya nini? Na alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua mle ndani. Kijiko kilipokaribia mdomo, alipiga hatua mbele.

"Bibi, usimpe."

"Nini tena?"

"Maziwa ya mama si mepesi. Ansbert hayanywi yote." Alionyesha kuelekea bafuni. "Mimi nayamwaga kwenye sinki. Nikimpa kidogo hacheui. Nilikuwa nasikia kinyaa."

Bibi alirudisha kijiko kibakulini. Mama alimtazama Evelyn, na Evelyn akautambua mtazamo ule. Ndivyo yeye mwenyewe alivyokitazama kitambaa kilicholowa matapishi kabla ya kukishika kwa vidole viwili. Angechapwa, angeona nafuu.

Mama alimchukua mtoto, akamweka kifuani. Bibi alimsogezea mama kile kibakuli, akamwambia, "Kula wewe, mwanangu. Maziwa yatoke."

Asubuhi mama hakumruhusu Evelyn kwenda shule. Walikwenda kliniki pamoja, na Evelyn akatakiwa kuyarudia yote kwa mdomo wake mwenyewe.

"Shikamoo, sista," alianza, akaeleza akitazama viatu.

Sista Severa alisikiliza mpaka mwisho. "Ulichokiona ni kweli," alisema. "Tumbo lake dogo, akijazwa kwa mara moja maziwa yanapanda. Ungelisema siku ile ile, tungeyagawa, anywe kidogo, halafu baada ya muda mfupi anywe tena. Ile nusu ilikuwa mlo wake unaofuata, na wewe umeipa sinki. Na huo mtori ungempalia ukaingia kwenye mapafu. Mwambieni bibi aupike, ila aule mama."

Walifanya hivyo. Evelyn alimnywesha kidogo, akambeba wima, akampumzisha, akaanza tena. Kazi iliongezeka na mchana ukawa mrefu. Wiki iliyofuata mama aliporudi kutoka kupima uzito alipanda ngazi zote akicheka, na hakuna aliyetaja tena mpira wa puani.

Jioni hiyo Ansbert alicheua, safari hii ndani ya sikio la Evelyn. Vuguvugu lilimteremka shavuni na harufu ikamjaa puani mpaka akafumba macho.

"Mama, bado nasikia kinyaa," alisema. "Sana."

"Hata mimi," mama alijibu. "Jana kanicheulia mdomoni nikiwa naimba. Unafikiri nilifurahi? Kusikia kinyaa si kosa, mwanangu. Ukizidiwa niambie, nitampokea, utanawa. Kosa lako lilikuwa kuniambia kamaliza. Niliuamini uongo wako, nikaanza kuutibu, na mtoto akabaki na njaa yake."

Evelyn alimfuta Ansbert mdomo. Alimkabidhi mtoto kwa mama, akaenda kunawa sikio, kisha akarudi na kikombe.