Jina Lisilovuka Daraja

Kananu aliamshwa na sauti ya kukwaruza nje, krr, krr, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga, akajua ng'ombe wa Cucu, nyanya ya mumewe, amefikia nguo tena. Alitoka mbio na leso kiunoni. Kulikuwa kumekucha, ukungu bado umelalia mibuni ya kijiji cha Githongo. Kwenye ua kulikuwa na sweta yake, mashuka mawili na shali ya mtoto, na ng'ombe alikuwa ameziacha zote analamba shali peke yake. Pale ilipokauka palikuwa na mstari mweupe. Kananu aliuonja, akatema. Chumvi.

Hakutaka kuwaza sana, leo alikuwa anasafiri. Mumewe, Muthomi, fundi wa magari huko Embu, alikuwa amepata nyumba ya vyumba viwili, stima ndani, maji ndani, na mwezi mzima alikuwa akimtania kwenye simu, "Kwani mnakuja kwa magoti?" Kwa hivyo alimpakata mtoto, Njura wa miezi mitano, akapanda boda boda.

Kijiji chao kimebanwa na mito miwili, mmoja kila upande. Juu ni msitu, chini mito inakutana. Hutoki bila kuvuka daraja.

Katikati ya daraja mtoto alinyamaza. Halafu akakohoa. Maji yakamtoka mdomoni na puani, ya baridi, mengi kuliko tumbo la mtoto linavyoweza kubeba, na macho yakageuka. Mwenye boda aligeuza pikipiki bila kuambiwa. Walipogusa tu upande wa nyumbani, mtoto alivuta pumzi akacheka. Kananu alilamba mkono wake uliolowa. Chumvi tena.

Daraja la pili alilijaribu kwa miguu mchana huohuo, mtoto mgongoni, akijiambia ni maziwa yalimkaba, ni maziwa tu, watoto wote hukabwa na maziwa. Hatua ya nne. Ya tano. Mtoto akawa mzito. Mzito kama gunia lililolowa. Kananu alirudi kinyumenyume, na mgongoni mwake kitu kilikuwa kinatiririka.

Hapo ndipo alipomkumbuka baba mkubwa wa Muthomi, naye pia Njura, mwana wa Cucu. Miaka hamsini na mitatu, na hakuwahi kuvuka daraja hata moja. Watu walimcheka. Hata binti yake alipoolewa Kinoru, ng'ambo ya mto, alisema mguu unamuuma.

Baba yake Cucu, Njura wa kwanza, alikuwa mtia makaa kwenye meli ya vita iliyozama zamani za vita vya Wazungu, na mwili haukurudi. Kila Februari, familia tatu zilizopoteza watu kwenye meli hiyo hukutana kanisani, majina yanasomwa, na kila jina linajibiwa na aliyerithi. Miaka yote baba mkubwa ndiye aliyejibu. Februari hii jina liliposomwa alifunga mdomo akamtazama Kananu. Kanisa zima likageuka. Kananu aliona aibu, akainua kamkono ka mtoto akajibu, "Njura yuko hapa." Watu wakapiga makofi.

Kesho yake baba mkubwa alivuka daraja akaenda zake. Hajarudi.

Cucu alikuwa jikoni anapepeta maharagwe. Alipoona shali imelowa aliweka ungo chini.

"Umempeleka Baba kwenye maji," alisema. Cucu alimwita mtoto Baba, kwa sababu ya jina la babake.

"Cucu, ulijua."

"Aliyejibu ndiye anayeshikiliwa. Jina lilivuka maji mara moja, halivuki tena. Kaka yangu alilibeba, halafu Njura wangu. Unafikiri sikulia?"

"Sasa jina nilitoe vipi?"

Cucu alitazama mlangoni kwanza. Sauti yake ikashuka.

"Mimba ya Kendi ni ya miezi saba. Picha ya hospitali imeonyesha ni mvulana. Nimemwomba amwite Njura, amekubali. Februari wewe nyamaza tu. Atajibu mwenyewe, kama wewe."

Kendi ni mke wa shemeji yake. Ndiye aliyemkanda Kananu kwa maji moto alipojifungua, wiki mbili, kila asubuhi.

"Na nikimwambia?"

"Hatajibu. Na asipojibu, wako hatoki. Atazeeka hapa."

Miezi kumi hadi Februari. Kananu aliwaza nyumba ya Embu, stima ndani, maji ndani. Alimtazama mtoto, na midomo yake ilikuwa imekauka nyeupe pembeni.

Mlango ukasukumwa. Kendi aliingia na chupa ya uji, tumbo likitangulia.

"Wewe bado uko hapa? Embu imekukataa ama ni wewe umeikataa?" Akacheka. "Mbona mmenyamaza? Mnanisengenya?"

"Ni mambo ya mtoto tu," Kananu alisema.

"Na mbona unalia?"

"Moshi."

Nje sauti ilianza tena. Krr. Krr. Kananu alichungulia juu ya bega la Kendi. Ng'ombe alikuwa amepita sweta, amepita mashuka, amefika kwenye rinda la Kendi la kwenda kanisani, lililoanikwa mchana. Alikuwa analamba mahali pamoja tu. Pale kwenye tumbo.

"Huyu mnyama ana wazimu," Kendi alisema, akatoka kumfukuza.

Kananu alimfunika mtoto. Akainama sikioni mwa Cucu.

"Sitamwambia mtu," alisema. "Cucu, naapa, sitamwambia mtu."