Majina Matatu ya Majaribio

Wanaonisoma hapa wananijua. Huwa naandika mambo madogo madogo ya tovuti: jinsi ya kupunguza uzito wa picha ili ukurasa ufunguke hata kama bando ni kidogo, au kitu kizuri nilichokutana nacho mtandaoni. Shule niliachia kidato cha nne. Kazi hii nilijifunza kwa video na kwa neema ya Mungu. Leo sifundishi kitu. Leo natubu.

Mwezi wa tano mwaka jana, Jumamosi moja yenye jua zuri, nilikaa mezani nyumbani kwetu, hapa karibu na mashamba ya chai, nikitengeneza tovuti ya kanisa. Watu wetu wametawanyika, wengine Kipkelion, wengine Chebunyo, wengine Soin, na mtu akifariki kuna wanaopata habari akiwa ameshazikwa. Mchungaji alitaka mahali pa matangazo ya vifo. Jina, picha, tarehe, basi.

Ukimaliza ukurasa kama huo ni lazima uujaribu. Unaweka majina ya uongo, unaangalia kama yanakaa vizuri, halafu unafuta. Kila mtu wa kazi hii anajua hivyo. Mimi niliandika majina ya watu wa kweli, na haikuwa bahati mbaya.

La kwanza lilikuwa la Mzee Sagini, ambaye alisema mbele ya wazee wenzake kwamba cheti changu nilijipa mwenyewe. La pili, Lenah wa kwaya. Yeye alinitoa kwenye kinanda bila kuniambia. Nilifika Jumapili nikakuta mwingine ameketi. La tatu lilikuwa la Amondi, mke wangu. Asubuhi hiyo aliniuliza, jirani yetu Mageto akiwa amesimama hapo hapo, "Gordon, hiyo kompyuta yako tutaichemsha lini tule?" Mageto alicheka mpaka akashika ukuta.

Kwa hivyo nikaandika, "Kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha Amondi." Nilikuwa natabasamu. Tarehe za vifo niliiachia kompyuta izichague yenyewe. Kisha nikazificha kurasa hizo tatu mahali ambapo mtu hawezi kufika kama hajui anwani yake, nikasema nitazifuta kesho. Sikuzifuta.

Tarehe sita Juni Mzee Sagini aliteleza kwenye njia ya mtoni, akafa. Nilipokaa kuandika tangazo lake la kweli, tovuti ilikuwa nalo tayari, na tarehe ilikuwa hiyo hiyo. Nilijiambia imetokea tu. Mungu anisamehe, hata nilihisi kama mtu aliyeshinda kesi.

Lenah alikuwa wa tarehe kumi na tisa. Homa ya siku mbili. Nilikuwa naijua tarehe yake na sikumwambia mtu. Hilo najua nitaulizwa.

Siku tuliyomzika, nilirudi nyumbani nikafungua daftari la seva. Kwa wasiojua, seva huandika kila mtu anayeomba ukurasa: saa ngapi, ukurasa gani, na amejibiwa nini. Ikiandika 200, ukurasa ulikuwepo na amepewa. Ikiandika 404, ukurasa haupo. Mwisho wa mstari inaandika uzito wa kile alichopewa.

Kulikuwa na mgeni mmoja. Alifungua ukurasa wa Sagini kila asubuhi, saa moja kamili, kwa siku saba. Tarehe sita akaacha. Halafu akafungua wa Lenah, siku saba vile vile. Tarehe kumi na tisa akaacha.

Asubuhi hiyo alikuwa ameanza wa Amondi.

Nilizifuta zote tatu, pamoja na nakala zake. Nikafunga kula, nikaomba. Amondi akaniuliza mbona sili. Nikamwambia ni tumbo.

Kesho yake saa moja, 404. Nikashukuru. Siku iliyofuata, 404. Alikuwa bado anabisha, lakini hakuna mlango. Siku ya nne, 404.

Siku ya tano, 200.

Nikajaribu kuufungua mimi. Kwangu haukuwepo. Nikaangalia uzito. Tangazo nililoandika lilikuwa kilobaiti nne, maneno matupu. Alichopewa yeye kilikuwa kilobaiti mia tatu na kumi.

Huo ni uzito wa picha. Mimi sikuweka picha.

Tarehe ya Amondi ilikuwa mbili Julai. Siku hiyo nilijifanya mgonjwa ili asiende kuchuma chai. Alibaki akinung'unika, na saa tatu akaketi mlangoni kushona mkono wa sweta yake ya buluu. Uzi wa buluu ulikuwa umeisha, akatumia mwekundu. Akaivaa.

Saa sita mchana tulisikia kilio kikipanda kutoka barabarani. Alikuwa Apiyo, shangazi yake wa Soin, leso kiunoni, anamlilia Amondi kwa jina. Akaingia uani. Akamwona amesimama mlangoni. Kilio kikakatika.

Alikuja polepole, akamgusa shavu kwa vidole viwili.

"Nyathina," akanong'ona. Mtoto wangu. "Una joto."

Akatoa simu. Tangazo lilikuwa langu, neno kwa neno. Juu yake kulikuwa na picha. Amondi, amesimama kwenye mlango wetu. Sweta ya buluu. Kwenye mkono wa sweta, uzi mwekundu.

Nikamuuliza limetoka kwa nani. Akanionyesha jina. Lenah. Lilitumwa saa moja asubuhi hiyo.

Amondi alisoma taratibu, midomo ikisogea. Alipomaliza hakumtazama shangazi yake. Alinitazama mimi.

"Haya maneno ni ya nani?"

Ningeweza kudanganya. Nimewahi kudanganya kwa madogo kuliko hayo. Nilimwambia yote, hata lile tabasamu. Apiyo akasema twende kwa mchungaji tuombewe. Amondi akakataa. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ndani kuna mtu amelala:

"Huyo mwingine simjui. Wewe nakujua. Ulikaa hapo unakunywa chai yangu, ukaandika."

Akavua sweta, akaiacha kwenye kiti. Kabla ya saa nane walikuwa wameondoka kwenda Soin.

Siku ile ilipita, na Amondi yuko hai mpaka leo. Hayo nasikia kwa watu, kwa sababu simu zangu hashiki. Nilikuwa nimeomba aishi. Sikukumbuka kuomba zaidi ya hapo. Nilisimama kanisani nikakiri, na mchungaji akasema nimesamehewa. Mjane wa Sagini alinyanyuka akatoka nje.

Asubuhi ya tarehe tatu nilitoka kumwaga maji. Nyasi mbele ya nyumba zilikuwa zimelala, manjano, sehemu pana ya mraba, kama zinavyokuwa turubai la matanga likikaa siku nne. Kwenye pembe kulikuwa na mashimo ya nguzo, udongo bado mbichi. Sikuwa nimesikia kitu. Katikati palikuwa na sehemu nyembamba ambapo nyasi zilikuwa zimekufa kabisa. Nililala kando yake nipime. Miguu yangu ilizidi. Ni urefu wa Amondi.

Nimepanda nyasi hapo mara mbili. Pembeni zimeota.