Chumba cha Nyuma Kinaomba Ruhusa

Simu ilisema picha inaonyeshwa. Runinga ilikuwa nyeusi tititi.

Mtu mwingine angekiri kwamba amebonyeza pasipo penyewe. Huyu hakuwa mtu mwingine. Alikuwa mkaguzi wa mizani, kazi yake kuingia madukani na kuwaambia wenye maduka kwamba mizani yao inadanganya, na miaka yote hiyo ya kuwasahihisha wenzake ilikuwa imemvimbisha kichwa. Majirani walimwita Mtaalamu. Walikuwa wakimcheka, naye alidhani wanamsifu.

Runinga yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutosha juu ya kabati la vyombo, lakini aliiingiza nyumbani kwa mbwembwe utadhani analeta bibi harusi. Ilikuwa ya kisasa, ya kupokea picha kutoka kwenye simu bila waya, na hilo la bila waya alilirudia mpaka mkewe, aliyekuwa akishona mapazia ya watu pale pale sebuleni, akamwomba apumzike kidogo. Siku hiyo walitembelewa na shemeji yake, kaka wa mke, dereva wa lori. Mtaalamu alitaka kumwonyesha video ya binti yao akiimba shuleni. Mtoto huyo wa pekee, wa darasa la pili, walimwita Kinanda kwa sababu aliimba tangu anaamka, akaimba bafuni, akaimba hata huku anatafuna.

Shemeji alisema waya mmoja tu ungemaliza kazi. Mtaalamu akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa, kisha akafungua simu. Vikatokea vifaa viwili vilivyo karibu. Kimoja kiliitwa Sebuleni, jina aliloipa runinga mwenyewe asubuhi ile. Cha pili kiliitwa Chumba cha Nyuma.

"Mbona viko viwili?" mkewe aliuliza, pini mdomoni. "Huko nyuma hatuna runinga."

"Mama Kinanda, tazama alama za mawimbi," alisema. "Hiki cha kwanza kina kijiti kimoja. Cha pili vimejaa vyote. Sasa mtu mwenye akili zake atachagua kipi?"

Akachagua kilichojaa. Simu ikauliza jambo refu, kwamba kifaa hiki kinaomba ruhusa ya kuona na kusikia kila kilichomo, na kujiwekea chochote kitakachokipenda. Chini yake palikuwa na majibu matatu: Kataa, Ruhusu mara moja, Ruhusu daima. Mtaalamu hakuwa na desturi ya kusoma maandishi marefu. Aliamini yameandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Akabonyeza Ruhusu daima.

Runinga haikuwaka. Lakini kutoka chumba cha nyuma, ng'ambo ya mlango uliofungwa, sauti ya Kinanda ikaanza kuimba wimbo wa shule.

Chumba kile hakikuwa na kitu ila ngazi, godoro lililokunjwa na plasta inayobanduka ukutani. Hata soketi ya umeme hakikuwa nayo. Waliposukuma mlango, wimbo ulikatika katikati ya neno, kana kwamba mtu kamziba mwimbaji mdomo kwa kiganja. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa siku nyingi, na chini ya harufu hiyo, nyingine ya nywele zilizoungua.

Mtaalamu akasema ni mwangwi. Akaeleza mwangwi ni nini, unatoka wapi, unakwenda wapi. Shemeji, anayelala porini peke yake ndani ya lori bila wasiwasi, akanywa chai yake amesimama, akakumbuka kuna tairi la kuangalia, akaenda zake.

Kesho yake Kinanda aliamka na sauti ya mikwaruzo. Baba yake akasema ni mafua.

Hapa ndipo mwenye akili timamu angeacha. Angechagua Sebuleni, yenye kijiti chake kimoja, runinga ingewaka na mambo yangeishia hapo. Lakini kuchagua Sebuleni ilikuwa sawa na kusema mbele ya mkewe kwamba mara ya kwanza alichagua vibaya, na mtu huyu angeona heri ameze misumari. Basi kila akirudi kazini aliunganisha simu na kifaa kile kile, akakitumia video moja baada ya nyingine: Kinanda akicheka, Kinanda akisoma kitabu, Kinanda akimwita paka wa jirani. Zote zilisikika nyuma ya mlango ule, naye amesimama mbele ya kioo cheusi, mikono kiunoni, akisema leo mtandao mzito.

Na kila video iliyokwenda, mtoto alipungukiwa. Ilipokwenda ile ya kucheka, Kinanda akawa anacheka kwa mabega tu. Ilipokwenda ile ya kusoma, mwalimu aliuliza kwa nini siku hizi mtoto hataki kusoma darasani. Haikupita wiki, akawa anafungua mdomo na hakitoki kitu ila pumzi. Zahanati walimulika koo, hawakuona kidonda, wakampa dawa ya kunywa. Mama yake alimwambia mumewe azime kitu chake. Akajibiwa kwamba koo ni koo na runinga ni runinga, asichanganye mambo.

Mama hakuwa mjinga. Mumewe alipokuwa akioga aliichukua simu mwenyewe, akabonyeza Tenganisha. Simu ikajibu: Hukuruhusu wewe. Alibonyeza tena, ikajibu vile vile. Alipomwonyesha mumewe, mume alicheka sana, akasema hiyo ni tafsiri mbovu ya watengenezaji. Basi mama akaing'oa runinga kwenye umeme, akairudisha kwenye boksi lake, akaisukuma chini ya kitanda. Mumewe alinuna, na simu ikaendelea kuonyesha, imo mkandani mwake huko huko kazini, akipima mawe ya mizani ya watu na kuwagombeza.

Siku iliyofuata, mchana, jua limejaa dirishani, mama alikuwa kwenye cherehani na Kinanda amekaa chini karibu na miguu yake akipanga vifungo. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuja kwanza, ikapita chini ya mlango, ikatambaa sakafuni. Mama akasimamisha cherehani. Kukawa kimya, na katika ukimya ule akasikia kitu kikivutwa taratibu juu ya saruji, kikifika mlangoni, kikisimama. Kisha sauti ya mwanawe, ile ile anayoijua hata usingizini, ikasema kutoka ng'ambo ya mbao, "Mama, nimefungiwa, njoo unifungulie," na mguu wake ukanyanyuka wenyewe, kwa sababu mama ni mama na mguu hausubiri kuulizwa, akapiga hatua ya kwanza na ya pili na mkono umeshaelekea kwenye kitasa, sauti ikilia sasa, ikisema kuna giza, ikisema kuna mtu humu mama na ananishika nywele, mpaka alipohisi gauni lake linavutwa kwa nyuma, akageuka, akamwona Kinanda ameling'ang'ania pindo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, mdomo umefumba kabisa, akitikisa kichwa kwamba usifungue, usifungue.

Mama alimbeba, akatoka naye bila viatu, hakusimama mpaka kwa mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuja Jumamosi, Mtaalamu yupo nyumbani. Alinusa mlango wa chumba cha nyuma, akarudi sebuleni, akauliza nani alimkaribisha jini huyu. Mtaalamu akaona amepata mwanafunzi. Akaanza na mawimbi, akaingia kwenye masafa, akagusia minara ya simu. Mganga akamsikiliza kama mtu anavyosikiliza bomba linalovuja.

"Baba, sikukuuliza mawimbi," alisema alipochoka. "Nimeuliza mkono wa nani."

Mke akamwonyesha kwa kidole. Mganga akaeleza kwa sauti ya chini, kwa maana kilichokuwa nyuma ya mlango kilikuwa kimenyamaza kuwasikiliza. Jini wa vyumba vitupu haibi, alisema. Anaomba. Akipewa, alichopewa ni chake, na moshi wa dawa utamkohoza tu. Hakuna wa kumnyang'anya isipokuwa yule yule aliyempa, naye sharti aingie peke yake na kusema mambo mawili. La kwanza: mimi ndiye niliyekupa. Hilo litamfungua mtoto. La pili: nilikosea. Hilo litamfungua aliyetoa mwenyewe, kwa sababu akishakiri kwamba alitoa, jini atataka kitu cha kushika badala yake.

"Usitie neno katikati," mganga alisema. "Hata kikohozi usitie."

Mtaalamu akauliza kama anaweza kusema ilitokea hitilafu. Mganga akasema hapana. Akauliza kama yafaa kusema makosa yalifanyika. Mganga akavua miwani, akaifuta, akasema hapana. Akauliza basi kama ni lazima neno liwe lile lile, au lipo jingine lenye uzito sawa, maana yeye ni mtu wa vipimo. Mkewe alikuwa akimtazama muda wote huo. Tangu aolewe alikuwa amemsikia mtu huyu akilaumu mvua, viatu, serikali, chumvi na mama mkwe, lakini neno hilo hajawahi kumsikia akilitamka, wala usingizini. Hofu iliyomshika wakati ule haikuwa ya jini.

"Baba Kinanda," alisema taratibu, "ni neno moja tu. Mtazame mwanao."

Akamtazama. Lazima isemwe, maana hata mpumbavu ana haki yake: alimpenda mtoto yule. Machozi yalimlengalenga. Akasema sawa, akaingia, akaurudisha mlango nyuma yake.

Waliobaki sebuleni walisikia sauti ya Kinanda kule ndani ikianza kuimba, kisha ikikatika. Walisikia godoro likikunjuka lenyewe, na hatua ambazo hazikuwa za viatu vyake zikimzunguka, mara moja, mara mbili, zikisogea, harufu ikazidi mpaka mama akamfunika mtoto pua kwa ukaya wake, na ubaridi ukatoka chini ya mlango ukawapanda miguuni ingawa nje watu walikuwa wakitembea na jasho, na ndani ya yote hayo wakamsikia Mtaalamu akimeza mate, akisafisha koo, akisema kwa sauti iliyotetemeka lakini iliyosikika vizuri:

"Mimi ndiye niliyekupa."

Kinanda akakohoa. Akashika koo, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyezamishwa majini, na neno likatoka mdomoni mwake mwenyewe, bovu na lenye mikwaruzo. "Mama." Mama akamkumbatia akilia, akasema sema tena, naye akasema tena. Mganga peke yake hakugeuka kuwatazama. Alikuwa ameukodolea macho mlango, midomo ikicheza, akimsaidia mtu yule kulitamka neno la pili.

"Lakini," sauti ya Mtaalamu ikasema.

Mganga akafumba macho.

"Lakini ieleweke kwamba alama za mawimbi zilionyesha vijiti vyote, na mtu yeyote wa kawaida katika mazingira yale..."

Komeo la upande wa ndani likateremka bila haraka. Chumba kile hakikuwahi kuwa na komeo.

Walipoingia kwa shoka la jirani walikuta ngazi, godoro na plasta. Simu ilikuwa sakafuni, imezimika, kioo chake kina baridi ya barafu. Mtu hayumo. Sauti yake ndiyo iliyokuwamo, ndani ya ukuta, kwa kimo cha kifua, inaendelea kueleza. Mke akaita jina lake, akapiga ukuta kwa viganja mpaka vikavimba. Mganga akamshika mabega, akamwambia hakuna kilichomfunga mumewe. Neno bado ni lake. Siku atakayolisema, hata kwa kunong'ona, atatoka kwa miguu yake.

Hicho ndicho kinachoumiza. Angekuwa amemezwa, mtu angelia akamaliza.

Kinanda sasa anasema, ingawa kuimba bado. Akirudi shule anaweka mkoba, anakwenda kuchuchumaa kwenye ukuta ule, anauegemezea uso. Mama anamwacha, kwa sababu anaona sauti ya ukutani inazidi kwenda mbali; mwanzo ilisikika hadi jikoni, siku hizi ni lazima utege sikio. Jana mtoto alikaa hapo muda mrefu, kisha akasema, "Baba, sema tu. Mimi sitakucheka."

Ukuta ukanyamaza. Mama akaondoa mguu kwenye cherehani, akashika kitambaa kwa mikono miwili. Akamsikia mumewe, kule mbali, akivuta pumzi.

"Kinanda mwanangu," sauti ikasema kwa upole, "tatizo lilikuwa mtandao."