Bibi wa Karani

— Yapange majibu polepole, Mrisho. Neno la leo ni fupi, lakini naona lina kwao kwingi.

Mdachi, yule Mjerumani mkuu wa boma, alichovya kalamu. Kila asubuhi, kwenye baraza la boma la Mpwapwa, alichagua neno moja la Kiswahili akawauliza watu limetoka wapi na lina maana gani kwao. Karani wake Mrisho aliyapanga majibu. Siku hiyo neno lilikuwa bibi.

Anyesi alisimama kando na chungu cha uji wa mumewe. Miaka miwili ya ndoa, mimba ya miezi mitano, na bado alimtazama Mrisho utadhani ameolewa jana.

— Limetoka Uajemi, — alisema mzee Amiri, mfanyabiashara aliyebaki tangu enzi za misafara. — Huko ni mwanamke wa heshima, mwenye nyumba yake. Wahindi nao wanalo hivyo hivyo. Sisi tunamwita mke hivyo, na wajukuu humwita nyanya yao.

— Kwetu askari, — alidakia Sila, — bibi ni mwanamke wa kukaa naye tu. Hana mahari. Ukihamishwa, unamwacha.

Askari wakacheka. Mdachi akaandika yote, kisha akamwelekezea Anyesi kalamu.

— Na huyu, Mrisho? Juma lijalo tunahamia Dodoma, reli imeshafika. Mke ana nafasi katika gari la moshi. Nimwandike?

Anyesi akatabasamu. Alishaanza kuwaza atabeba kapu gani.

— Usimwandike, bwana, — alisema Mrisho bila kuinua macho. — Huyu ni bibi kwa maana ya Sila.

Anyesi alikitua chungu taratibu, uji usimwagike wanaume wakapata la kucheka tena.

— Mrisho! Ng'ombe wanane hukuwatoa wewe? Baba hakuwapokea mbele ya ukoo?

— Maneno ya kazini hayo, mke wangu. Nenda nyumbani, tutazungumza.

— Sasa ni mke? Hapo punde nilikuwa nani?

Kabla hajajibiwa, baba yake, mzee Matonya, aliingia langoni na vumbi hadi magotini.

— Mbukwa, baba, — Anyesi alimwamkia.

— Mbukwa. Mwanangu, zizi limebaki mavi matupu. Abbasi, yule tajiri wa Kibakwe, amewachukua ng'ombe wote wanane, na ndama wao.

— Mahari yangu?

— Hayakuwa mahari. Ni mali yake.

Huku kwetu mtu hawaweki ng'ombe wake wote zizi moja, maana maradhi yakiingia amekwisha. Huwagawa kwa watu waaminifu, wala hatangazi alikowaweka. Mtunzaji hunywa maziwa, lakini ng'ombe hawi wake. Mrisho, mtu wa pwani, alijifunza desturi hiyo haraka kuliko nyingine zote. Alimwambia Abbasi, "Matonya atakutunzia." Akamwambia Matonya, "Mahari haya hapa." Wazee wote wawili wakamshukuru, maskini.

— Watatu nilishawatoa kumwozea kaka yako, — alisema Matonya. — Abbasi amewafuata hadi kwa wakwe. Leo Filipo naye hana mke.

Mrisho akapiga magoti.

— Nisamehe, mzee. Nilimpenda, na sikuwa na hata mbuzi.

— Ungesema! Ungenichungia miaka michache nikakupa mke. Wangapi wameoa hivyo?

— Na hapa barazani, — Anyesi aliuliza, — nani alikulazimisha?

— Mke akiandikwa, wanauliza na mahari. Niliogopa wataulizia ng'ombe.

— Ukaona heri niaibike mimi.

Matonya akamshika binti yake mkono.

— Twende, — alisema Matonya. — Bila ng'ombe hakuna ndoa. Mtoto atakayezaliwa ni wa nyumba yangu.

Baada ya mavuno ikaja barua kutoka Dodoma. Filipo, aliyesoma misheni, akamsomea dada yake:

"Kwa bibi yangu Anyesi, salamu nyingi. Nyumba ni tupu. Nimepata ng'ombe wawili wa halali, wengine watafuata. Nasikia mtoto ni wa kike. Je, anafanana nami? Njoo, au niite nije. Mimi mumeo, Mrisho."

Anyesi alilia. Alikuwa bado anampenda mwongo yule, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kisha akajifuta kwa ncha ya kaniki, akamweka mtoto begani.

— Filipo, andika. "Ng'ombe hao wawili mpelekee kaka yangu, ndiye uliyemnyang'anya mke."

Kalamu ya Filipo ikasita kidogo, ikaendelea.

— "Mtoto anafanana nawe, na sitamwambia. Lile neno ulilonipa mbele ya watu libaki kwenye kitabu chenu. Mimi nitaitwa bibi siku binti huyu atakaponiletea wajukuu, na wewe hutakuwapo kusikia."

— Nimalizie na salamu?

— Hapana, — alisema Anyesi. — Ifunge.