Oili Nyeupe

Kila alipotoka shule, Dodosa alivua sare, akavaa gauni lake la madoa ya grisi na kupita mlango wa nyuma mpaka karakanani kwa baba yake. Aliosha nati na skrubu kwenye karai la dizeli, akazipanga juu ya gunia zikauke, kisha akafagia. Baba yake alikuwa fundi wa injini za boti, zile zinazofungwa nyuma ya chombo. Nyingi zilikuwa kuukuu, zimemzidi Dodosa umri.

Jina la Dodosa alipewa na mama yake kwa sababu ya maswali. Hiki ni nini? Mbona kile kimelika upande mmoja? Baba alimjibu yote. Alimfundisha kuishika propela na kuitikisa, apate kujua kama inacheza. Alimwonyesha maji yanayorushwa ubavuni mwa injini inaponguruma, ambayo mafundi huyaita mkojo. "Injini isiyokojoa ni mgonjwa," baba alikuwa akisema, na Dodosa alicheka mpaka akashika tumbo.

Hayo yalikuwa kabla mama hajafariki. Sasa hakuuliza wala hakucheka. Hata kulia hakulia. Watu walipompa pole aliitikia, "Asante, nimeshapoa," wakasifu kwamba ni mtoto jasiri. Haukuwa ujasiri. Ndani yake palikuwa kimya tu, kama mguu uliokufa ganzi baada ya kuukalia. Baba naye alikuwa vivyo hivyo. Kila jioni alipika chakula cha watu watatu, wakala wawili, na kilichobaki wakakila asubuhi bila neno.

Siku moja alasiri alikuja nahodha anayeitwa Breki. Zamani alikuwa dereva wa lori, na mpaka leo, boti yake ikikaribia gati, mguu wake hukanyaga sakafu ukitafuta breki. Boti hiyo ilivusha watu kwenda ng'ambo.

"Fundi, nitazamie huyu bibi kizee," alisema, akiishusha injini yake kutoka mkokotenini. "Kesho alfajiri navusha wanafunzi wa mtihani. Sitaki anizimikie katikati ya maji."

Baba aliifunga injini kwenye pipa la maji, akavuta kamba. Ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri, ikakojoa vizuri. Aliisikiliza kidogo, macho yake yakiwa ukutani, kisha akaizima.

"Iko sawa. Dodosa, ibadilishie oili ya gia."

Dodosa alipiga magoti, akaingiza bisibisi kwenye skrubu ya chini, akaifungua juu ya kopo. Kwanza yalidondoka maji. Kisha ikafuata oili, lakini haikuwa na rangi yake ya kawaida. Ilikuwa nyeupe, nzito, kama chai iliyozidishwa maziwa. Kwenye ncha ya skrubu kulikuwa na unga wa chuma unaometameta.

Alijua maana yake. Maji yameingia penye gia. Alijua pia kwamba baba ameshasema iko sawa, tena mbele ya mteja. Alingoja moyo wake ushtuke, lakini haukushtuka. Akaweka kopo pembeni, akajaza oili mpya, akakaza skrubu.

Breki alimshukuru, akaipakia injini na kuondoka akisukuma mkokoteni wake. Dodosa alikwenda kunawa. Sabuni ilipokuwa ikitoa povu mikononi, aliwafikiria wale wanafunzi. Watakaa kwenye mbao za boti, kalamu mifukoni, wakiulizana majibu. Hakuwahurumia, hata hilo hakulisikia. Ila hatari yao aliiona wazi, jinsi alivyoiona ile oili. Akarudi karakanani na mikono yenye povu.

"Baba, oili ilikuwa nyeupe."

"Nimesema iko sawa!" Ilikuwa mara ya kwanza baba kupaza sauti tangu msiba.

Dodosa alilichukua lile kopo, akalishikilia mbele ya uso wa baba yake. Baba alilitazama. Akachovya kidole, akakisugua kwa dole gumba, akakiinua kwenye mwanga. Kisha akatoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni.

Alirudi na Breki, akisukuma mkokoteni wake huku amefura kwa hasira. "Fundi, si umeniambia nzima?"

"Nilikosea," baba alisema. "Niliisikiliza, sikuitazama."

Waliifungua palepale. Mpira unaozuia maji kwenye mhimili wa propela ulikuwa umekauka na kupasuka. Kwenye chuma chenyewe palikuwa na mfereji mdogo. Dodosa alipitisha ukucha, ukakwama. Beringi, ile pete ya chuma ambamo mhimili huzunguka, ilikuwa na kutu, ikakwaruza ilipozungushwa.

"Ingefika ng'ambo?" Breki aliuliza taratibu.

"Huenda kwenda ingefika," baba alisema. "Kurudi, sidhani."

Breki aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu. Baadaye alikwenda kumwomba nahodha mwenzake awavushe wale watoto, na baba akaanza kung'oa mhimili mwingine kutoka injini mbovu iliyolala nyuma ya karakana.

Dodosa alimshikia taa. Baba alifungua nati kadhaa, kisha akaweka spana chini.

"Mwanangu, tangu mama yako aondoke, mikono yangu inafanya kazi peke yake, mimi mwenyewe sipo. Leo hilo lingewagharimu watoto wa watu maisha yao. Ukiona kitu kimeharibika, sema. Sema hata kama mkubwa ameshasema kizima. Akikukemea, mwonyeshe kopo, kama ulivyofanya. Na usingoje mpaka moyo ukusukume. Siku nyingine moyo umelala, lakini macho yanaona, nayo yanatosha."

"Ndiyo, baba."

Baba aliokota spana. Dodosa alisogeza taa karibu, halafu akasema:

"Baba, mimi sisikii kitu chochote. Tangu siku ile. Hata kulia siwezi."

Baba aligeuka. Alimtazama kwa makini, kama alivyokuwa akizitazama injini zamani, bila haraka.

"Mimi pia," alisema. "Umefanya vizuri kusema. Njoo ukae hapa."